Shajara ya Mradi wa Mapito ya Mifugo, Longido na Monduli: Kutoka Vuli hadi Kiangazi

Novemba

Kumbukumbu hizi zinahusu kazi ya kutambua, kuchora na kuhalalisha mapito ya mifugo kati ya tambarare zinazolishwa wakati wa mvua na miteremko ya milima inayotunzwa kwa ajili ya kiangazi, katika ukanda ulio kaskazini mwa mji wa Arusha, pande zote mbili za barabara ya Arusha–Namanga. Vijiji vinavyohusika ni vitatu. Kwa kuwa makubaliano yao bado hayajapitishwa na mikutano mikuu yote, havitajwi humu kwa majina. Vitaitwa kijiji cha tambarare, kijiji cha barabarani na kijiji cha mlimani, na yeyote anayeifahamu Longido ataona kwamba hali inayoelezwa si ya vijiji hivyo pekee.

Ofisini Arusha tuna mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji vyote vitatu. Iliandaliwa kwa kufuata Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007, na ukiusoma mmoja mmoja huoni kasoro kubwa: yametengwa makazi, kilimo, malisho ya mvua, malisho ya kiangazi, msitu na vyanzo vya maji. Kasoro hujitokeza ramani mbili zinapowekwa ubavu kwa ubavu. Malisho ya kijiji cha tambarare yanafika hadi mpakani, na ng'ambo ya mpaka huohuo mpango wa kijiji cha barabarani unaonyesha kilimo. Mfugaji anayeufuata mpango wa kwanza neno kwa neno atajikuta ndani ya shamba la mahindi lililo halali kwa mpango wa pili. Kila kijiji kilipanga ardhi yake kwa makini hadi kwenye mpaka wake kikaweka nukta, ilhali safari ya ng'ombe ndiyo kwanza imefika katikati.

Ndiyo maana mradi huu haukuanza kwa kupima malisho. Katika ukanda huu nyasi za kiangazi bado zipo, na kamati za vijiji zinazilinda kwa ukali kuliko watu wengi wa mjini wanavyodhani. Kinachopotea ni njia ya kuzifikia, na hupotea kidogo kidogo, kiwanja kimoja leo na uzio mmoja mwakani, bila mtu yeyote kuvunja sheria.

Desemba

Mvua za vuli zimenyesha kwa mafungu. Tumeutumia mwezi kuandika kalenda ya mifugo pamoja na wazee, wanawake na vijana, kila kundi peke yake, kisha kuzilinganisha kalenda hizo.

Wazee walieleza mzunguko mkubwa. Mvua zikianza, mifugo hushuka tambarare, ambako nyasi ni fupi lakini zina chumvi na madini kutokana na udongo wa majivu ya volkano, na maji hupatikana katika madimbwi ya muda. Madimbwi yakikauka, mifugo hurudi kwenye visima na malambo ya kudumu karibu na maboma. Kiangazi kikizidi, kuanzia Julai au Agosti hadi mvua nyingine, sehemu ya mifugo hupanda miteremko ya milima, ambako nyasi ni ndefu na ngumu lakini hudumu. Wanawake walieleza jambo ambalo wazee waliligusia tu: kwamba kundi halihami zima. Ng'ombe wanaokamuliwa na ndama wao hubaki karibu na boma, wakila katika maeneo ya malisho ya ndama ambayo huitwa alalili au olopololi kutegemea sehemu, na wanaoondoka ni maksai, mitamba na ng'ombe wasio na maziwa, wakiongozwa na vijana wanaolala ronjo, yaani kambi za muda za malishoni. Kwa hiyo tunaposema mifugo imehama, tunazungumzia kundi lililogawanywa kwa hesabu iliyofanywa usiku ndani ya nyumba, na mwenye hesabu hiyo mara nyingi ni mama, kwa sababu ndiye ajuaye ng'ombe yupi amepungua maziwa na yupi bado anaweza kulisha watoto.

Vijana nao walitaja vitu ambavyo havikuwamo katika kalenda mbili za kwanza: mahali penye mtandao wa simu, duka la kuchajia betri, mwenye shamba anayepiga na mwenye shamba anayetoza faini. Yote yameingizwa kwenye ramani.

Januari

Tumekubaliana na wachungaji kadhaa wa kila kijiji wabebe simu zenye programu ya kurekodi njia. Hatukutumia kola za satelaiti kwa kundi zima, kwa sababu ya gharama, na pia kwa sababu kola humfuata ng'ombe mmoja bila kueleza kwa nini aligeuka. Simu iko mikononi mwa mtu, na mtu anaweza kuulizwa jioni.

Rekodi za mwanzo zinaonyesha jambo ambalo macho ya mgeni hayalioni. Katika tambarare nukta zimetawanyika kama mtama uliomwagwa, hivyo kusema kwamba kuna njia mahali hapo ni kupoteza wakati. Mifugo hupita popote penye nyasi. Nukta hizo hujikusanya zinapokaribia barabara kuu. Pale zinaposongamana ndipo penye njia, na ndipo ardhi inapouzwa kwa bei ya juu zaidi, kwa kuwa kila mwenye kutaka kufungua duka, gereji au kituo cha mafuta anapataka hapohapo.

Februari

Nyumbu wameanza kuzaa. Huu ndio mwezi unaovuruga ramani zote zilizochorwa na watu wasiowauliza wafugaji, na kwa hiyo unastahili maelezo marefu.

Nyumbu wa ukanda wa Tarangire na Manyara huhama kama wanavyohama wale wa Serengeti, ingawa habari zao hazisikiki sana. Baadhi huenda mashariki, kwenye tambarare za Simanjiro. Wengine hupita Ranchi ya Manyara, Selela na Engaruka kuelekea kaskazini, kwenye tambarare za Gelai na Ziwa Natron. Huzaa kwa pamoja ndani ya wiki chache, kati ya mwishoni mwa Januari na Machi, juu ya nyasi fupi zenye madini, ambazo ndizo nyasi bora za mvua kwa ng'ombe vilevile. Ndama wa nyumbu, katika miezi yao mitatu ya mwanzo hivi, hutoa virusi vya homa ya nyumbu kwa njia ya makamasi na machozi. Nyumbu mwenyewe haugui. Ng'ombe akivipata huvimba tezi, hutokwa na makamasi mazito, macho hufunga ukungu mweupe, na karibu kila anayeonyesha dalili hufa. Tiba hakuna. Ng'ombe hamwambukizi ng'ombe mwenzake, kwa hiyo kinga iliyobaki ni moja: kuondoka.

Wafugaji wengi wanaamini kwamba ugonjwa huu unatokana na kondo la nyuma linaloachwa malishoni, na wataalamu wa mifugo wanasisitiza kwamba chanzo ni ndama. Nimeyasikiliza mabishano hayo zaidi ya mara moja na sioni faida ya kuyarefusha katika mradi wa aina hii, maana pande zote mbili zinaamuru jambo lilelile: wiki za uzazi, ng'ombe wasiwepo. Wafugaji walikuwa wakihama kwa sababu hiyo muda mrefu kabla ya maabara yoyote.

Matokeo yake kwa ramani ni makubwa. Ng'ombe wanalazimika kuyaacha malisho bora kabisa ya mwaka katika wiki ambazo yana nyasi nyingi zaidi, na kupanda kwenye vichaka na nyasi ndefu zenye kupe na lishe duni. Kwa maneno mengine, pito la kupanda mlimani halihitajiki kiangazi peke yake. Linahitajika pia katikati ya mvua, wakati mashamba ya kijiji cha barabarani yamelimwa na mahindi yamefika magotini. Mpango wowote unaosema pito litafunguliwa baada ya mavuno unawaacha wafugaji wachague kati ya homa ya nyumbu na kesi ya kulisha shambani. Tumeandika katika rasimu kwamba pito liwe wazi mwaka mzima, na tumeeleza sababu kwa kirefu, kwa kuwa tunajua kifungu hicho ndicho kitakachopingwa.

Machi

Suala la ndigana kali limejadiliwa na afisa mifugo wa kata. Kupe wanaoeneza ugonjwa huu hupenda sehemu zenye unyevu na nyasi ndefu, hivyo zamani miteremko ilikuwa hatari kwa ndama kuliko tambarare. Chanjo ya ndigana kali, ambayo kwa zaidi ya miaka ishirini imekuwa ikitolewa kwa ndama wa wafugaji wa kaskazini, imebadilisha hesabu hiyo: ndama aliyechanjwa huwekewa hereni sikioni, na mwenye mali huthubutu kumpeleka mahali ambapo babu yake asingempeleka. Wazee wa kijiji cha mlimani wanalalamika kwamba sasa wageni wanapanda na ndama wao, jambo lisilokuwapo, na kwamba maeneo yao ya ndama yanaliwa. Lalamiko hilo lina msingi. Limeingizwa katika ajenda ya mkutano wa pamoja.

Aprili

Masika. Barabara za ndani hazipitiki, na kazi ya uwandani imesimama isipokuwa kando ya barabara ya lami.

Hapo kando ya lami tumekuta gugu karoti, mmea wenye maua madogo meupe ambao umeenea Arusha katika miaka ya karibuni. Ng'ombe hawaupendi, na wakiula kwa kukosa kingine maziwa huwa machungu. Watu wengi huwashwa ngozi wakiushika. Mche mmoja hutoa maelfu ya mbegu, nazo husafiri kwa matope yaliyoganda kwenye kwato, kwa magurudumu na kwa maji ya mvua. Pito la mifugo linaloanzia kando ya lami laweza kulibeba gugu hilo hadi mlimani. Kamati ya kijiji cha barabarani imeanza kung'oa kabla halijatoa maua, wakivaa mifuko ya nailoni mikononi.

Juni

Nyasi za tambarare zimeanza kubadilika rangi, na mazungumzo yote sasa ni juu ya siku ya kuhama.

Nimehudhuria kikao cha wazee chini ya mgunga kijijini tambarare, na naandika nilichokiona kwa sababu hakimo katika mwongozo wowote wa upangaji ardhi. Mzee mmoja aliinuka katikati ya maongezi, akaenda kwenye kinyesi cha ng'ombe kilichoanguka asubuhi ile, akakipindua kwa ncha ya fimbo. Kilikuwa kimekaa kwa tabaka, kigumu, na vipande vya mabua ya nyasi vilionekana havijasagika. Akaita vijana wawili watazame. Baadaye alikata bua la nyasi, akalivunja karibu na sikio lake, akalitupa. Hakueleza neno. Waliokuwapo wakaanza kuhesabu nani aondoke kwanza.

Kabla ya kuondoka, wapelelezi hutumwa mlimani kutazama malisho, maji, magonjwa na wenyeji. Hao si watoto. Ni watu wanaoaminiwa kusema ukweli hata kama ukweli huo unamnyima ndugu yao nafasi. Wanaporudi hutoa taarifa mbele ya wote, na laigwanani, kiongozi wa mila, husikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Safari hii walileta habari mbili: nyasi ni nzuri, ila shingo ya pito, yaani sehemu yake nyembamba, katika kijiji cha barabarani imebanwa na uzio mpya wa miiba upande wa kusini.

Tulienda kuitazama shingo hiyo. Kati ya uzio huo na ukuta wa matofali wa upande wa pili, ng'ombe wanne hawawezi kwenda bega kwa bega. Kundi la ng'ombe 300 likifika pale, walio nyuma husukuma, walio mbele husita kwa sauti ya malori, na wa pembeni huvunja uzio. Mwenye uzio alitueleza kwa upole kwamba alinunua kiwanja chake mbele ya mashahidi na ana karatasi ya kijiji. Hana kosa lolote. Mpango wa kijiji chake unaonyesha pale ni makazi.

Julai

Mkutano wa pamoja wa halmashauri za vijiji vitatu umefanyika katika shule ya msingi ya kijiji cha barabarani, ukaanza kwa kuchelewa na kuisha jioni.

Msingi wa kisheria uliwasilishwa kwanza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kifungu cha 11, inaruhusu vijiji viwili au zaidi kuingia mkataba wa matumizi ya pamoja ya ardhi, na Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo Na. 13 ya 2010 inatambua malisho yanayovuka mpaka wa kijiji kimoja. Mfano uliotolewa ni wa Kiteto, ambako vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao na kuyaita OLENGAPA, kwa kuchukua herufi za mwanzo za majina ya vijiji hivyo. Mfano huo ulipokelewa vizuri. Mjumbe mmoja alisema kwamba kama watu wa Kiteto, wenye historia ya ugomvi mkali kati ya wakulima na wafugaji, wameweza, hakuna sababu ya sisi kushindwa.

Hata hivyo mwanga wa mfano huo ulififia haraka tulipofika kwenye upana wa pito. Wataalamu walipendekeza kipimo cha mita. Wazee walikataa kuzungumza kwa mita na wakatoka nje kupima kwa hatua katika uwanja wa mpira. Walitaka hatua mia moja ili makundi mawili yanayokutana, moja likienda na jingine likirudi, yapishane bila kuchanganyika. Wajumbe wa kijiji cha barabarani walisema hatua mia moja ni sawa na kufuta safu nzima ya viwanja. Mabishano yalidumu mchana kutwa. Suluhisho lilitoka kwa mama mmoja, mjumbe wa halmashauri ya kijiji hicho hicho cha barabarani, ambaye anauza maziwa kwenye mabasi. Aliuliza kwa nini shingo na tumbo la pito vipewe upana mmoja. Alipendekeza shingo ibaki nyembamba kwa umbali mfupi unaovuka barabara na nyumba, lakini kila upande wa shingo pawe na uwanja mpana wa kusubiria, ili kundi lisimame, lihesabiwe, lipumzike, na livuke kwa mafungu. "Ninyi baba zetu mnapigania upana," alisema, "ng'ombe anachohitaji pale ni mahali pa kungoja zamu." Wazo hilo limekubaliwa, na kwa maoni yangu ndilo jambo bora kuliko yote yaliyotokea katika mradi huu hadi sasa.

Mwenye uzio wa miiba atapewa kiwanja mbadala nyuma ya soko. Amekubali kwa sharti kwamba kijiji kigharamie kung'oa uzio na kumjengea choo kipya, na halmashauri imeridhia.

Agosti

Makundi yameanza kuvuka. Vijana wawili huvaa vizibao vya kung'aa na kusimama barabarani kila upande wakati wa kuvusha. Maombi ya alama za tahadhari yamepelekwa kwa mamlaka husika, kwa kuwa hifadhi ya barabara kuu, mita 30 kila upande kutoka katikati, haiko chini ya kijiji na hatuwezi kuchimbia chochote humo bila kibali.

Mwezi huu umeleta pia suala la mabua. Zamani, mavuno yakiisha, mkulima aliwakaribisha wafugaji walishe mabaki shambani, naye akapata samadi, hakuna aliyelipa. Sasa mabua ni bidhaa. Malori huyachukua hadi kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa walio mjini Arusha na kwenye miteremko ya Kilimanjaro upande wa Moshi, ambako ng'ombe hufungwa bandani kihambani na majani huletwa kutoka nchi ya chini. Mkulima anayepata fedha taslimu kwa lori hana sababu ya kumngoja mfugaji mwenye kumpa samadi. Matokeo yake ni kwamba kituo cha njiani, ambapo mifugo ilipumzika siku kadhaa ikila mabua kabla ya kupanda, kimetoweka, na mifugo inapanda mlimani ikiwa imechoka na mapema kuliko kawaida. Hili haliwezi kutatuliwa kwa ramani. Tumeshauri vijiji vipatane bei ya mabua kabla ya mavuno, kwa ekari, na vikundi viwili vya wafugaji vimekwisha kutoa malipo ya awali.

Septemba

Mwezi wa maji, na mwezi wa mabishano makali kupita yote.

Ng'ombe wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 250 huhitaji takriban kilo 6 za majani makavu kwa siku, na katika joto la kiangazi lita 25 hadi 30 za maji. Kwa kundi la ng'ombe 300 hiyo ni karibu tani mbili za majani na lita 7,500 hadi 9,000 za maji kila siku. Majani na maji hayo hayapatikani mahali pamoja, na ndiyo sababu wachungaji hunywesha siku moja na kulisha mbali siku inayofuata. Umbali kati ya mbauti, yaani birika la kunyweshea mifugo, na malisho ndio unaoamua kundi litaishi au litakonda.

Kijiji cha tambarare kimepata mfadhili aliye tayari kuchimba kisima kirefu na kujenga mbauti katikati ya malisho ya mvua. Mtu wa mjini akisikia habari hiyo atashangilia. Wazee wameikataa. Hoja yao ni kwamba tambarare hupumzika kwa sababu hukauka. Kukosekana kwa maji ndiyo kufuli inayowatoa watu wote kwa pamoja, wenye nguvu na wanyonge, ili nyasi zipate kurudi. Ukiweka maji ya kudumu pale, wenye mifugo mingi hawataondoka, na msimu ujao hakuna atakayekuta nyasi fupi. Wameshaona jambo hilo likitokea kwingine, na wanakumbuka ukame wa 2009, uliomaliza sehemu kubwa ya ng'ombe wa Longido na Monduli, ambapo walioponea ni wale waliokuwa na mahali pa kukimbilia.

Wanawake wa kijiji hicho hawakuridhika, na hawakuwa na sababu ya kuridhika. Wao ndio wanaokwenda na punda kuchota maji umbali wa nusu siku. "Nyasi zinapumzika, sisi je?" aliuliza mmoja wao, na wazee wakanyamaza kwa muda kabla ya mwenyekiti kumwita yeyo, yaani mama, na kumwomba aendelee. Baada ya vikao vitatu yamefikiwa makubaliano kwamba kisima kichimbwe karibu na maboma na zahanati, si malishoni. Kiwe na magati ya watu kuchotea maji na tanki, bila mbauti. Na ndama na mifugo midogo iliyobaki bomani inyweshwe kwa ndoo. Mfadhili ameandikiwa. Binafsi naona uamuzi huu ni wa busara kwa mwaka wa kawaida, ila katika mwaka wa ukame mkali sioni nani atakayemzuia mwenye ng'ombe wanaokufa asivunje bomba.

Huko mlimani, mkondo unaotumiwa na mifugo yote ya wageni umewekewa utaratibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za chanzo cha maji, hivyo maji yatavutwa kwa bomba hadi kwenye mbauti iliyo chini, nje ya eneo hilo, na mifugo haitaingia mkondoni tena. Wenyeji watanywesha asubuhi na wageni baada ya saa sita.

Oktoba

Mawingu yamejikusanya juu ya Meru lakini bado hayajashuka.

Kijiji cha tambarare na kijiji cha barabarani vimepitisha mkataba katika mikutano mikuu, na mihtasari yenye saini imepelekwa halmashauri ya wilaya pamoja na rasimu ya sheria ndogo, ambazo haziwezi kutumika kabla ya kuidhinishwa huko. Vigingi vya zege vimechimbiwa katika viwanja viwili vya kusubiria na kando ya shingo. Vimepakwa rangi nyeupe, na tayari mbuzi wamegundua kwamba vinafaa kwa kujikunia.

Kijiji cha mlimani bado. Mkutano wake mkuu uliahirishwa kwa kukosa akidi, kwa kuwa vijana wengi wako ronjo, na hata ungefanyika kuna vifungu viwili visivyoafikiwa. Cha kwanza ni ada ya wageni: wenyeji wanataka kila boma linalopanda lilipe kwa kichwa cha ng'ombe ili kulipia mlinzi wa mbauti, na wa tambarare wanasema hawajawahi kulipia nyasi za ndugu zao na hawataanza sasa, ingawa wako tayari kuchangia mafuta ya pampu. Cha pili ni maeneo ya ndama. Wenyeji wanataka ndama wa wageni wasipande kabisa, wawe wamechanjwa au hawajachanjwa. Pendekezo letu ni kwamba kifungu cha ada kitenganishwe na cha maji, na kwamba mpaka wa alalili upimwe upya na wazee wa pande zote mbili wakitembea pamoja kabla mvua haijaotesha nyasi mpya, kwa sababu nyasi zikiota kila upande utaona mpaka pale unapoupenda.

Mkutano umepangwa upya kwa siku ya mnada, ambapo wengi hushuka. Mtendaji ameachiwa daftari la mahudhurio na nakala za mkataba kwa Kiswahili, na laigwanani ameomba zisomwe pia kwa Kimaasai kifungu kwa kifungu. Mpima atabaki Longido hadi hapo, akiwa na vigingi vya upande wa mlimani ambavyo havijachimbiwa.